Karakana ya zeze Chamwino: shajara ya msimu mmoja wa kilimo

Jumamosi, 9 Septemba 2023

Wenzangu wameniteua kuwa katibu wa mradi huu, na ninaanza shajara hii kwa kueleza hali ilivyo kabla hatujagusa chochote. Katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya Jiji la Dodoma, anaishi mzee anayetengeneza mazeze na ile marimba ya vyuma ambayo sisi Wagogo tunaiita ilimba. Anafanyia kazi ndani ya tembe yenye paa la udongo, kwa tezo moja, patasi mbili na jiko la mkaa, na katika vijiji vinavyotuzunguka simjui fundi mwingine anayeweza kulinganisha ala mpya na sauti za waimbaji wenyewe badala ya kuiga ala ya zamani. Vijana watano, wavulana watatu na wasichana wawili, wanataka kujifunza kazi hiyo. Mzee yuko tayari kuwafundisha. Kinachokosekana ni namna ya nyumba yake kula katika siku zote atakazokuwa anafundisha.

Nilikaa karibu naye kwa wiki mbili nikihesabu saa. Zeze moja lenye nyuzi nne lilichukua saa 38, bila kuhesabu miezi ya kukausha kibuyu, na aliliuza kwa shilingi 40,000, ambazo ndani yake mna shilingi 12,000 za ngozi, waya na msasa. Kijana anayebeba zege kwenye majengo ya mjini hulipwa takriban shilingi 10,000 kwa siku, na tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 majengo hayo hayajaisha. Kwa hiyo kijana anayeiacha karakana na kupanda gari la mjini si mvivu wala hajadharau mila. Amepiga hesabu na hesabu yake ni sahihi. Na hapo bado sijagusa saa za kufundisha, ambazo hazina mnunuzi kabisa.

Njia za kawaida tumezipitia. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilisitishwa na Serikali mwezi Aprili mwaka huu, na hata ingekuwepo, mkopo hurudishwa kutokana na faida ya biashara, nasi tunajua tangu mwanzo kwamba faida haipo. Wafadhili hatuwakatai, ila fedha za ufadhili mara nyingi huja kwa mwaka mmoja, na kujifunza kulinganisha ilimba kunahitaji miaka.

Iliwahi kuwepo njia nyingine, na ni haki niiandike hapa. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni, na baadaye Serikali ikawaajiri wasanii wa jadi. Hukwe Zawose, aliyezaliwa huku kwetu Dodoma na kufariki mwaka 2003, alipiga ilimba na zeze maisha yake yote na kufika nchi nyingi, na sehemu kubwa ya maisha hayo aliishi kwa mshahara, kwanza katika kikundi cha ngoma cha taifa, kisha akiwa mwalimu wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981. Mshahara ule haukumuuliza zeze limeuza kiasi gani mwezi huu. Sisi hatuwezi kumlipa mtu mshahara. Tunachoweza ni kukusanya vitu ambavyo watu wanavyo tayari, yaani saa zao, mtama wao, pikipiki zao na ujuzi wao, na kuvielekeza kwenye tembe ile.

Jumamosi, 23 Septemba 2023

Mkutano wa kwanza ulihudhuriwa na watu 26, nusu yao wakazi wa kijiji na nusu watu wa kwetu tunaofanya kazi mjini. Tumekubaliana kuwa na daftari la saa. Mtu akifanya kazi ya saa moja kwa ajili ya karakana, au kwa ajili ya mwanachama mwenzake, anaandikiwa saa moja, na mwenye kupokea anapunguziwa saa moja. Saa ya mwalimu, ya mshonaji, ya mwendesha bodaboda na ya fundi zeze zote zinahesabiwa sawa. Wazo hili si letu. Mwaka 1973 mama mmoja wa Osaka, nchini Japani, Teruko Mizushima, alianzisha benki ya kazi ambamo wanawake walisaidiana na kujiwekea saa kwa siku zao za uzeeni. Mwaka 1980 mwanasheria wa Marekani, Edgar Cahn, akiwa amelazwa kwa maradhi ya moyo na kujiona hana tena faida kwa mtu yeyote, alifikia wazo linalokaribiana na hilo, likaenea kwa jina la benki ya muda. Nilipolieleza mkutanoni, mama mmoja alisema kwamba bibi yake asingeona jipya hapo isipokuwa kalamu. Nilimjibu kwamba kalamu ndiyo tunayoihitaji, kwa sababu ujima wa bibi yake ulikuwa wa majirani wanaoonana kila siku, na sisi nusu yetu tunaonana mara moja kwa mwezi.

Kijana mmoja alipendekeza tuchapishe vikaratasi vya saa ili vizunguke kama fedha. Nilipinga, na ninaandika sababu zangu ili asije mtu akadhani nilikuwa nazuia tu. Kwa Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006, kutoa noti na sarafu ni mamlaka ya Benki Kuu peke yake, na karatasi inayofanana na fedha, hata ikiwa na nia njema kiasi gani, huleta maswali. Wenzetu wa mtaa wa Bangladesh huko Mombasa waliyaona hayo mwaka 2013 walipoanzisha vocha za Bangla-Pesa kwa ajili ya biashara ndogo za mtaani: baadhi yao walikamatwa na kushtakiwa, kabla ya mashtaka kuondolewa. Vocha zile ziliwasaidia watu, na mawazo yake yameendelea Kenya hadi leo kwa njia ya simu. Lakini kikundi cha watu 26 hakina nguvu za kwenda mahakamani. Daftari linatosha.

Jumamosi, 14 Oktoba 2023

Mali iliyoahidiwa: pikipiki mbili kwa safari moja kila wiki, cherehani moja, mwalimu wa sekondari atakayeandika kumbukumbu za masomo, magunia mawili ya uwele kutoka kwa kaya mbili, na patasi tatu zilizotumika kutoka kwa seremala wa mjini. Wanafunzi wanakuja Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Wote watano wamefika kila siku.

Jumamosi, 4 Novemba 2023

Tumekwenda kwa vikoba vinne vya kijijini, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, kuomba sehemu ndogo ya mfuko wa jamii. Kwa wasiozoea VICOBA, kila mwanachama anaponunua hisa kwenye kikao hutoa pia kiasi kidogo kwa ajili ya mfuko huu, nao hautolewi riba wala haugawanywi na hisa mwisho wa mwaka bila sababu. Ni wa msiba, ugonjwa na mambo yanayomfika mtu ghafla. Niliona kwamba hiyo ndiyo fedha pekee kijijini ambayo wenyewe wameshakubaliana kwamba haitafuti faida.

Vikoba vitatu vilikubali, kila kimoja kwa namna yake. Kimoja kitalipa shilingi 30,000 za bima ya afya ya jamii kwa kaya ya mzee, ambazo zinawahudumia watu sita kwa mwaka. Viwili vitachangia waya na ngozi. Cha nne kilikataa, na mwenyekiti wake alinieleza kwa upole: "Mwanangu, fedha hii mama akiiweka anajua siku akifiwa ataikuta. Nikiichukua kwa ajili ya zeze, hata zeze likiwa jema, nimemwondolea uhakika wake." Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa nimekasirika. Usiku nilipokuwa naandika niligundua kwamba sina jibu la kumpa, na kwamba kikoba kilichokubali kulipa bima nacho kilikuwa kimetafuta namna ya kutoivunja ahadi hiyohiyo: bima ni ugonjwa, na ugonjwa umo katika makusudi ya mfuko. Tusirudi kumsumbua yule mama.

Jumamosi, 2 Desemba 2023

Leo naandika kuhusu kazi yenyewe, kwa sababu nimeona kwamba katika kurasa zilizotangulia ningeweza kuwa nazungumzia mradi wa viatu na msomaji asijue tofauti.

Msichana mdogo kati ya wanafunzi amemaliza kuwamba ngozi kwenye kibuyu. Ngozi ya mbuzi hulowekwa usiku kucha hadi iwe laini kama kitambaa, kisha huvutwa juu ya mdomo wa kibuyu na kubanwa kwa vijiti vya miiba vinavyopigiliwa kuzunguka ukingo. Ikivutwa kupita kiasi, kibuyu hupasuka ngozi inapokauka. Ikilegea, sauti huzama. Mzee hakumwonyesha kwa maneno. Aliushika mkono wake na kuubonyeza juu ya ngozi mbichi mahali patatu, kisha juu ya zeze lake la zamani mahali palepale patatu, na kumwacha aendelee. Nyuzi zinatokana na waya wa breki ya baiskeli uliofumuliwa. Upinde ni fimbo iliyopindwa yenye katani, na katani hupakwa utomvu ili ishike waya. Kwenye ilimba kuna jambo ninalolipenda kuliko yote: matundu ya ubao wake huzibwa kwa utando mweupe wa buibui, ule unaofanana na karatasi nyembamba, ambao mzee huubandua ukutani kwa ncha ya kisu na kuubandika kwa mate na nta. Bila utando ule vyuma hulia vikavu. Ukiwapo, kila sauti hufuatwa na mtetemo mdogo kama mtu anayenong'ona nyuma ya mwimbaji.

Sasa nauliza kama katibu: somo la utando wa buibui lilichukua asubuhi nzima, kwa sababu tando saba zilichanika kabla ya ya nane kukaa. Mnunuzi wa soko hawezi kuilipia asubuhi ile, kwa kuwa anaponunua ilimba anauona utando mmoja tu. Karakana zinazotengeneza mapambo ya watalii zimeshaacha kuuweka, na ala zao huuzwa vizuri. Kinachotuhusu sisi ni zile tando saba.

Jumamosi, 20 Januari 2024

Daftari limetufikisha mahali pabaya, na makosa ni yetu tulioliandika.

Mvua za msimu huu zimekuwa nyingi. Mtama uliopandwa Desemba umeota vizuri, na magugu yameota vizuri kuliko mtama. Kila mtu wa huku anajua maana yake: tuna msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, na shamba lisipopaliliwa katika wiki hizi chache za Januari na mwanzo wa Februari, mavuno yameshapotea hata kama mvua itaendelea kunyesha hadi Aprili. Mzee wetu ana ekari mbili na nusu. Tangu Oktoba amefundisha siku tatu kila wiki, na daftari linaonyesha kwamba anatudai saa 118, zaidi ya mtu mwingine yeyote.

Jumatatu ya wiki iliyopita alimtuma mjukuu wake kwangu na ujumbe kwamba anaomba mikono ya palizi. Nilifungua daftari kwa furaha, nikidhani kwamba hii ndiyo siku ambayo mfumo wetu utafanya kazi, na nikaanza kuwapigia wanaodaiwa saa. Mshonaji alikuwa shambani kwake. Waendesha bodaboda walikuwa kwenye mashamba ya mama zao. Mwenye uwele alikuwa ameajiri vibarua na bado ameelemewa. Hakuna aliyekataa deni lake. Wote walisema watalilipa baada ya palizi. Saa ambazo mzee alizitoa mwezi Oktoba, wakati wa kiangazi ambapo kila mtu alikuwa na nafasi, tulikuwa tumeziandika kuwa sawa na saa za Januari, na kwa mkulima wa Dodoma hazijawahi kuwa sawa. Katika daftari la Osaka au la Marekani saa moja inaweza kuwa saa moja mwaka mzima, kwa kuwa mtu wa mjini akikosa leo atapata wiki ijayo. Magugu hayasubiri wiki ijayo.

Sisi wa mjini tulikwenda Jumamosi iliyopita tukiwa kumi na mmoja. Nia ilikuwa njema na matokeo yalikuwa mabaya. Mtama mchanga na baadhi ya nyasi zinazoota pamoja nao hufanana sana kwa macho ya asiyezoea, na kabla ya saa nne asubuhi wawili kati yetu walikuwa wameng'oa mistari miwili mizima ya mtama na kuacha nyasi zimesimama. Mke wa mzee aliona, akatufuata mstari kwa mstari akitushika vidole na kutuonyesha shina la chini, ambako mtama una rangi ambayo nyasi hazina. Kwa hiyo siku ambayo tulikwenda kumlipa, familia yake ilitumia nusu ya asubuhi kutufundisha, na kwa kanuni zetu wenyewe ilipaswa kuandikiwa saa zaidi.

Jioni niliketi na mzee nje ya tembe. Nilimwamkia, nikamwambia kwamba tumemkosea, nikamfungulia ukurasa wake ili aone kwamba hatujapoteza hesabu hata ya saa moja. Hakuutazama. Alisema: "Mimi babu yako sikuuzii saa. Nilikuona unaandika nikanyamaza, kwa kuwa niliona inakusaidia wewe kukumbuka. Mimi naomba shamba langu lisinicheke tu." Neno lile limenikaa kwa wiki nzima sasa. Nilikuwa nimeamini kwamba kuhesabu saa zake ni kumheshimu, kwa sababu soko halikuzihesabu. Yeye alichotaka kihesabiwe si saa alizotoa, bali mambo ambayo asingeweza kuyafanya kwa sababu alizitoa.

Jumamosi, 3 Februari 2024

Hatukulivunja daftari. Wapo walioshauri hivyo, wakisema turudi kwenye ujima wa kawaida wa kuitana, na ninaielewa hamu yao. Lakini ujima wa kuitana humfikia anayejua kuita na mwenye watoto wengi wa kurudisha fadhila, na watu wa mjini wangesahaulika na kusahau.

Tulichobadilisha ni swali linaloandikwa. Badala ya kuanza na saa ngapi mtu ametoa, tunaanza na mwaka wa nyumba ya mzee: palizi mwezi Januari na Februari, kuamia ndege mwezi Aprili, kuvuna na kupura Mei na Juni, kukandika paa la tembe kabla ya mvua, bima ya afya na chumvi na sabuni mwaka mzima. Kila kazi katika hizo inaandikiwa majina mapema, wakati wa kiangazi watu wanapokuwa na utulivu wa kuahidi. Aliyepokea chochote kutoka karakanani, iwe ni somo la mtoto wake au zeze kwenye harusi yake, anadaiwa asubuhi mbili za palizi, na asubuhi hizo hazigeuzwi kuwa kitu kingine.

Ubishi ulikuwa juu ya fedha. Wa mjini tuliuliza kama tunaweza kumlipa kibarua ashike jembe kwa niaba yetu, kwa kuwa kibarua anajua mtama na sisi hatuujui. Mama mweka hazina alihofia kwamba mwenye mshahara atanunua uhuru wake na kazi itabaki kwa maskini, na hofu hiyo ina ukweli. Kwa upande mwingine kuna vijana wa kijijini ambao wangeshukuru kupata kibarua cha karibu. Baada ya saa mbili tulikubaliana kwamba mtu wa mjini anaweza kuleta kibarua kwa asubuhi moja, kwa malipo ya kijiji yaleyale, lakini asubuhi ya pili lazima aje mwenyewe na afanye kazi chini ya mtu wa familia. Mimi naona ni suluhisho lenye mshono unaoonekana. Nimelipigia kura.

Shamba la mzee lilipaliliwa ekari moja na nusu. Ekari moja imebaki na magugu.

Jumamosi, 16 Machi 2024

Paa la tembe lilivuja usiku wa Jumapili na kulowesha vibuyu sita vilivyokuwa vimekauka tayari. Vinne vimeota ukungu na haviwezi kutumika. Paa la udongo linataka kukandikwa upya kabla ya kila msimu wa mvua, na mwaka jana mzee hakulikandika kwa sababu wakati huo alikuwa anafundisha. Nimelirudisha jambo hili kwenye orodha ya mwaka wa nyumba, ambako lilikuwa limeandikwa mwishoni, na kuliweka juu.

Jumamosi, 20 Aprili 2024

Kwelea kwelea wameingia. Mtama unapoanza kukomaa ndege hawa huja kwa makundi, na shamba lisilo na mtu huweza kubaki mabua matupu kwa siku chache, kwa hiyo wanafunzi wamegawana zamu za kuamia kwenye dungu la shamba la mzee tangu alfajiri hadi jioni. Mvulana mkubwa alikwenda na zeze. Nilimkuta ameketi juu ya dungu, miguu inaning'inia, anapiga kifungu kilekile cha sauti tano mara kwa mara, na kila kundi linapotokea upande wa magharibi anaweka upinde chini, anavuta kamba yenye makopo, anapiga kelele, kisha anarudi pale alipoachia. Alifanya hivyo kwa saa tisa. Mzee alipopita jioni alisimama chini ya dungu kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akasema uzi wa tatu umepanda, aushushe kidogo.

Kwenye kikao cha leo lilizuka swali ambalo sikulitarajia: saa zile tisa ziandikwe mara moja au mara mbili, kwa kuwa ni kazi ya shamba na ni mazoezi kwa wakati uleule? Mwalimu wa sekondari alisema mara moja, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuishi saa moja mara mbili. Mshonaji alisema mara mbili, kwa sababu shamba limepata saa tisa kamili na zeze limepata saa tisa kamili, na hakuna hata kimoja kilichopunjwa. Tumeandika mara moja. Bado nadhani mshonaji alikuwa amesema jambo ambalo daftari letu halina safu ya kuliandika.

Jumamosi, 1 Juni 2024

Mavuno ya mzee: magunia manne ya mtama na moja na nusu la uwele. Ekari iliyoachwa na magugu ilitoa debe tatu tu. Kaya tisa zimeleta debe moja moja la mtama kwa ajili ya karakana, na tumelitenga ghala la pamoja katika chumba cha mweka hazina, lenye daftari lake la nafaka, tofauti na la saa. Hatutaruhusu debe kugeuzwa kuwa saa wala saa kuwa debe. Tumeona tayari kinachotokea vitu viwili visivyofanana vinapolazimishwa kuwa namba moja.

Kumbukumbu za sauti zimefika 23, nyingi zikiwa ni mzee akilinganisha ala, nyuzi moja baada ya nyingine, huku akieleza kwa Kigogo. Mtu mmoja kutoka mjini aliomba kuzinunua kwa ajili ya matangazo ya biashara. Tumekataa kwa sasa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na tutapata ushauri kabla ya kutoa sauti yoyote nje. Lakini hata bila sheria, mzee alizungumza mbele ya wanafunzi wake akijua anazungumza na wao, na fedha zile, ingawa zingelipa waya wa miaka miwili, zingekuwa za kitu ambacho hatukuombwa kukiuza.

Jumamosi, 13 Julai 2024

Hali ya mradi baada ya miezi kumi ni kama ifuatavyo. Wanafunzi wanne kati ya watano wanaendelea. Mmoja amekwenda mjini kwenye kazi ya ujenzi mwezi Mei, kwa baraka za mzee, na anarudi Jumamosi mbili kwa mwezi. Mazeze sita yametengenezwa na wanafunzi, mawili kati ya hayo mzee ameyakubali na manne ameagiza yafunguliwe na kuwambwa upya. Ilimba bado hakuna aliyemaliza. Yaliyouzwa ni mazeze mawili ya mzee mwenyewe, kwa jumla ya shilingi 90,000, nazo zimekwenda kwake zote. Kwa hesabu ya biashara, mradi huu umekula kuliko ulivyozaa, na utaendelea hivyo mwaka ujao. Nimeliandika hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa taarifa ili anayejiunga ajue anajiunga na nini.

Saa za mzee kwenye daftari la zamani zilifika 164 nilipolifunga. Nilimwuliza afanye nazo nini. Alisema niwagawie wanafunzi, kisha akabadili neno, akasema nisiwagawie, niziache hapo ili siku moja mmoja wao aone ni muda kiasi gani. Zimebaki.

Kazi zilizosalia kabla ya mvua ni hizi: kukandika paa la tembe, tarehe 12 na 19 Oktoba, watu wanane, kutafuta vibuyu vya kuziba pengo la vile vinne, kwa kuwa vipya havitakauka kabla ya mwakani, kupata tezo ya pili, kuwapeleka wa mjini shambani siku moja ya Desemba, mtama ukiwa umeota kidole kimoja, ili mke wa mzee awafundishe kulitambua shina kabla ya siku ya kazi yenyewe.

Ukurasa wa palizi ya Januari 2025 ulifunguliwa leo. Hadi kikao kinafungwa ulikuwa na majina 31, asubuhi mbili kwa kila jina, na kila jina lina tarehe zake. Majina manane kati ya hayo yaliletwa kwa karatasi moja, kwa mwandiko mmoja, na mjukuu wa mwenyekiti wa kile kikoba kilichokataa kutoa fedha za mfuko wa jamii mwezi Novemba. Juu ya karatasi ameandika kwamba wao watakuja na majembe yao wenyewe, na kwamba wangependa kupewa ile ekari iliyobaki.